Nimeambiwa niache dawa za mwanangu ili imani yangu ionekane

Mama wa Mahamri (Likoni), Jumatatu usiku

Bwana asifiwe ndugu na dada zangu. Nimesoma humu zaidi ya mwaka bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu Jumapili natakiwa kutoa jibu, na jibu sina.

Mie ni mkaazi wa Likoni. Nauza mahamri na mbaazi karibu na kivuko, upande wa kwetu, kabla watu hawajavuka kwenda kazini. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye yadi moja ya makontena kule Miritini. Tangu makontena yaanze kupandishwa treni bandarini moja kwa moja kwenda Nairobi, siku zake za kuitwa zilipungua, sita kwa wiki zikawa tatu, zikawa moja, halafu simu ikanyamaza kabisa. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni lazima ampelekee mwenyewe shilingi 400, apate asipate. Hilo la kazi tumelizoea. Silo lililonileta.

Lililonileta ni mwanangu wa pili. Ana miaka sita na ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi hapa twauita siko seli. Tuliijua akiwa na miezi minane. Vidole vya mikono vilifura vyote kumi, vikang'aa na kukaza, akawa hataki hata kuguswa na shuka. Tangu siku hiyo maumivu yakimshika huwa ni usiku. Hulia kwa sauti mwanzo, halafu hunyamaza, na mie naogopa zaidi anaponyamaza. Kisha huniuliza, "Mama, mfupa umevunjika?" Namwambia haujavunjika. Ananiambia, "Basi mbona?"

Kipupwe hiki ameshikwa mara tatu. Mara ya mwisho tulivuka na feri saa kumi alfajiri, babake amembeba, mie nimemfunika leso mbili na koti juu yake, upepo wa kusi ukipenya chini ya leso hata nikawa naushika upindo kwa mkono. Feri ilikuwa karibu tupu. Nikayatazama maji nikajaribu kuomba, na kwa mara ya kwanza tangu niokoke mwaka wa 2009 sikuwa na neno hata moja. Simkani Mungu. Najua yupo. Lakini ni kama kujua mtu yumo nyumbani, taa yake waiona, nawe wapiga hodi na hafungui.

Sasa kiini chenyewe. Kwenye ushirika wetu (sitautaja, na tafadhali msinisukume nitaje) kuna mtumishi ambaye nimemheshimu miaka mingi. Wiki ile mume wangu alipokosa kazi, yeye ndiye aliyetuletea unga na mafuta mpaka mlangoni. Nasema hili mjue kwamba si mtu mbaya. Juzi baada ya ibada alituita kando. Akasema ameonyeshwa kwamba mtoto amekwisha kupona rohoni, ila uponyaji umezuiwa na mambo mawili. La kwanza ni dawa: kila asubuhi tukimpa kidonge twamwambia Mungu kwamba hatukumwamini. La pili ni mbegu. Shilingi 5,000, zipandwe Jumapili hii kwenye maombi maalumu, na siku hiyo tuje na dawa zote tuziweke madhabahuni, tusirudi nazo.

Kwenye kopo la majani ya chai nina shilingi 3,150. Ni za dawa ya mwezi ujao na nauli ya kliniki.

Mume wangu asema hatuachi dawa. Lakini asema kwa hasira, na hasira yenyewe imefika kwa Mungu pia, Jumapili ya pili hii hajakanyaga kanisani. Dadangu mkubwa asema tutoe, kwani twapoteza nini? Jirani yangu ni Mwislamu. Yeye kila mtoto akishikwa huleta uji wa mtama, husema "Mola ampe afueni", kisha hukaa kitako pale mkekani hana neno jingine. Nawaambia kweli, huo ndio wakati pekee ninaopumua.

Saa tisa usiku nikiwa nakanda unga wa mahamri ndipo mawazo hunijia. Je, kama kweli ni mie ninayemzuia mwanangu asipone? Ibrahimu hakumnyima Mungu mwanawe. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga, na alimwokea nabii kwanza. Mie ninayelinda kopo la majani ya chai, imani yangu iko wapi?

Na kuna swali la pili, ambalo naona haya kuliuliza. Kiongozi akisema "Mungu ni mwema", siwezi tena kuitikia "kila wakati". Mdomo wafunguka, sauti haiji. Je, mtu aweza kumtumaini Mungu na huku amechoka naye? Nisameheni kwa neno hilo, sina lingine.

Nesi wa Wodi ya Watoto, Jumatatu usiku

Dadangu, kabla ya yote: usiache dawa. Lala ukijua hilo limeisha, kisha tuzungumze mengine.

Mimi ni muuguzi, nimehudumia watoto hapa Pwani miaka 11, na ni Mkristo ninayeomba. Nadhani mtoto wako anatumia haidroksiurea pamoja na foliki asidi. Haidroksiurea haiponyi selimundu. Inachofanya ni kuusukuma mwili uendelee kutengeneza damu ya aina ile aliyokuwa nayo tumboni mwako, ambayo haijikunji kama mundu. Ndiyo maana hata yeye aliyezaliwa na ugonjwa huu hakuonyesha dalili miezi ya kwanza, mpaka damu ile ya uchanga ilipopungua. Sasa ukiiacha dawa, kinga haikatiki siku hiyo. Hupungua polepole. Wiki ya kwanza mtoto atacheza mpira na watu watasimama kutoa ushuhuda. Baada ya hapo utajikuta tena kwenye feri saa kumi alfajiri, na hakuna atakayesimama kuusema huo. Nimewapokea watoto wa namna hiyo. Sitaki kueleza zaidi.

Kuhusu nani amezuia nini: wewe umebeba upande mmoja wa urithi huu, mumeo upande mmoja, na kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili. Hakuna dhambi hapo. Urithi huu umeenea kwetu Pwani kwa sababu anayebeba upande mmoja tu hukingwa na malaria kali, na malaria imetuua tangu jadi. Kilifi hapo jirani watafiti wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Kwa hiyo kile kinachomuumiza mwanao pengine ndicho kilichowaokoa mababu zake wakafika kuzaa. Hilo silielewi kwa upande wa Mungu, nakwambia tu lilivyo. Wanafunzi walipomuuliza Yesu habari za yule kipofu, nani alitenda dhambi, alijibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Na hili mpelekee mtumishi kwa heshima: mfalme Hezekia alipougua, Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi kwamba atapona. Ahadi ilikuwa tayari imetoka. Bado nabii Isaya akaagiza walete mkate wa tini, wauweke juu ya jipu. Tini zile hazikumtukana Mungu.

Mtoto akipata homa, akipumua kwa shida, viganja vikiwa vyeupe, tumbo likivimba upande wa kushoto au mkono mmoja ukilegea, usingoje asubuhi. Na kipupwe hiki soksi hata akiwa amelala.

Shahidi wa Kisauni, Jumanne asubuhi

Naomba kutofautiana kidogo, kwa upendo. Tusiwafanye watumishi wote wezi. Mimi niliombewa mwaka wa 2016 nikiwa nimelala chini kwa mgongo, miezi mitano sisimami, na nikasimama. Siwezi kuambiwa na mtu kwamba halikutokea, mgongo ni wangu. Dada, usiache kuomba uponyaji kwa sababu ya hili.

Lakini nakiri jambo moja. Hakuna aliyeniambia nitupe dawa. Nilizirudisha kliniki mwenyewe, daktari akanipima, akasema sizihitaji tena. Na sikulipa kitu kuombewa. Kwa hivyo sijui huyo mtumishi ametoa wapi hilo la 5,000.

Mama wa Kijana, Bamburi, Jumanne mchana

Mwenzangu, wangu ana miaka 17. Ana selimundu na ana maringo, anataka kunyoa nywele mtindo ambao babake hautaki. Nakwambia hivyo ujue kwamba kuna mbele.

Naomba apone. Bado naomba, kila siku, sijaacha hata moja. Na kila siku saa mbili usiku namwita aje anywe dawa. Sijawahi kuona vita kati ya hayo mawili.

Mtilie maji kwenye chupa yake mwenyewe aende nayo shule, umwambie mwalimu amruhusu kutoka kwenda haja mara nyingi. Walimu wengine hukataa mpaka waelezwe.

Mzee wa Mtongwe, Jumanne usiku

Binti yangu, nimesoma swali lako asubuhi nikashindwa kulijibu nikiwa kazini. Wengi wamekujibu la dawa, na wamejibu vizuri. Mimi nataka nilijibu lile uliloona haya.

Tarehe 29 Aprili 1994, ilikuwa Ijumaa, feri ya Mtongwe ilizama. Watu 272 walikufa, na ndugu yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa anavuka kwenda kazini kama kila siku. Nilikuwa kijana. Nakumbuka mamangu amesimama ufukweni na kanga yake ya njano, na mkononi ana kifurushi cha chakula cha mchana ambacho ndugu yangu alikisahau mezani. Alikuwa amemkimbilia nacho. Alikishika mpaka jioni, hakuna aliyethubutu kumwambia akiweke chini.

Mamangu alikuwa mwimbaji. Sauti yake ilijulikana kanisani kabla hujamwona. Kuanzia siku ile hakuimba, hakuitikia, hakusema Amina. Lakini hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja, akakaa ubao wa tatu, akatazama mbele. Watu wengine walinong'ona kwamba amepoa. Kulikuwa na mama mmoja mzee, aliyekuwa akiuza samaki, akahamia kukaa kando yake. Kila mchungaji alipomaliza kuomba, yule mama aliuweka mkono juu ya goti la mamangu akasema, "Amina, na ya huyu." Kwa sauti, kila mtu asikie. Jumapili baada ya Jumapili, hadi Krismasi ikapita. "Amina, na ya huyu."

Baadaye mamangu alirudi kuimba, sikumbuki siku yenyewe. Ila wimbo ule wa mazishini hakuuimba tena mpaka alipofariki mwaka wa 2011. Ukianzishwa, alikaa chini. Na mimi simfahamu mtu aliyemtumaini Mungu kuliko yeye.

Umemtaja mjane wa Sarepta. Rudi usome mlango huohuo mpaka mwisho, 1 Wafalme 17. Wahubiri wengi huishia pale kwenye unga na mafuta. Baada ya kutoa, baada ya kutii, baada ya pipa kutokupunguka, mwanawe yule mjane aliugua akafa. Alikuwa amekwisha toa! Na akamjia nabii kwa uchungu, akamuuliza kama amekuja kwake kukumbusha dhambi zake na kumuua mwanawe. Sasa angalia Eliya alifanya nini. Hakumwambia imani yake ni ndogo, wala hakumwambia aoke mkate mwingine. Alisema, "Nipe mwanao." Akamtoa kifuani mwake, akambeba yeye mwenyewe mpaka juu, akamlaza kitandani pake, akamlilia Mungu, tena kwa maneno makali, akimuuliza mbona amemletea mabaya hata mjane huyu aliyemkaribisha. Nabii alichukua uzito wa mtoto mikononi mwake, na lawama akaipeleka juu, hakuiacha chini kwa mama. Mtu akikujia kwa jina la Eliya, tazama amembeba nani.

Na hapa kwetu Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mei 1844. Julai hiyohiyo mkewe Rosine alikufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wa kike akamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa amelazwa na homa, aliinuka kwa tabu kwenda kuhakikisha kama kweli amekata roho. Watu humtaja kwa kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili na kwa kituo chake cha misheni kule Rabai. Mimi nikipita Nyali, nilipoonyeshwa kaburi lile nikiwa darasa la sita, huwaza juma lile moja tu, na kwamba hakuna mtu wa kwao aliyekuwa karibu wa kumsemea Amina.

Kuhusu kukosa maneno feri inapovuka: kuna mtu aliyekuandikia. Zaburi ya 13. Ni fupi, utaimaliza kabla hamjafika katikati ya maji. Usiiseme kwa upole kama hujisikii upole.

Jumapili hii mimi nitasema mbili, yangu na yako.

Mama wa Mahamri (Likoni), Jumatano alfajiri

Nimesoma yote. Nimesoma ya mzee nikiwa kibandani, mteja akaniuliza kama moshi umeniingia machoni.

Nesi, ndiyo, ni dawa hizohizo. Na ni kweli, sikuwahi kuelezwa hiyo habari ya damu ya tumboni. Nilijua tu "umpe kila siku".

Nitakwenda kwa mtumishi kabla ya Jumapili. Niombeeni, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na alitulisha.

Mama wa Mahamri (Likoni), Jumanne iliyofuata, usiku

Nimerudi kuwaambia, maana wengine mmeniuliza.

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwake, mie na mume wangu. Nilimshukuru kwa unga ule wa siku ile, kisha nikamwambia dawa hatutaacha, na mbegu hatuna, kilichomo ndani ya kopo ni cha mtoto. Nikamweleza ya Hezekia. Alinyamaza kitambo. Akasema hakuna aliyetulazimisha, kila mtu na kiwango chake cha imani. Hilo la kiwango liliniuma, siwafichi. Nilimwomba amwombee mtoto hivyohivyo, na dawa zake. Akasema ataomba. Hakutusindikiza mlangoni, na huwa husindikiza.

Jumapili nilikwenda, nikakaa nyuma. Walipofika pale pa "Mungu ni mwema" nilifunga mdomo na sikujilaumu. Nikakumbuka kwamba upande wa Mtongwe kuna mtu anasema mbili.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Mtoto hakuwa ameshikwa, ametembea mwenyewe, soksi miguuni, chupa ya maji shingoni kwa kamba. Tulipokuwa tumesimama kwenye feri nikafungua Zaburi ya 13 kwenye simu. Nilitaka kuisoma kimoyomoyo, lakini upepo ulikuwa mwingi, nikajikuta nimeisema. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?"

Mume wangu alikuwa ananipa mgongo, anatazama upande wa mji. Akageuka.

Akaniuliza, "Hayo yamo ndani ya Biblia?"

Nikamwambia yamo.

"Hivyohivyo yalivyo?"

Nikamwonyesha simu. Akaishika, akasoma, midomo ikicheza. Akanirudishia.

"Hebu yasome tena," akasema. "Kwa sauti."

Nikayasoma tena. Mlango wa feri ulikuwa umeshaanza kushuka na watu wanatusukuma nyuma, nikaendelea kusoma huku twatembea.